Breki ya mbele ya kwodi: usikilize mkono kabla hujashika spana

"Fundi, breki ya mbele imekufa. Nitolee upepo niondoke."

Ndivyo wengi wanavyoingia getini, dawa wameshajiandikia wenyewe. Upepo, yaani hewa iliyonaswa ndani ya maji ya breki, ni ugonjwa wa kweli wa breki ya maji, sikatai. Lakini kwenye kwodi zinazofika kwangu hapa Moshi, mara nyingi haumo. Ukitoa upepo usiokuwepo utamaliza chupa nzima ya maji ya breki, na pistoni iliyokwama itabaki imekwama pale pale.

Kwodi ni ile pikipiki ya magurudumu manne: inazungusha watalii kwenye mashamba ya kahawa ya Kibosho, inambeba msimamizi wa shamba huko chini Kahe. Waendeshaji wake wengi wametokea kwenye bodaboda, wakaja na hofu yao ya zamani kwamba ukigusa breki ya mbele utapaa juu ya hendeli. Basi wanakanyaga ya nyuma tu, miezi sita, mwaka mzima. Breki ya mbele inakaa bila kazi, inakula vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, pistoni zinashika kutu. Siku moja mtu anateremka kutoka Uru, njia imelowa, ya nyuma inaserereka, anakumbuka kwamba ana mkono wa breki upande wa kulia wa hendeli. Anaubana. Hakuna kitu.

Mafundi wenzangu wa pikipiki nao wana kosa lao. Wanaitibu kwodi kama pikipiki, wakisahau kwamba hapa masta moja (pampu ya maji ya breki iliyo kwenye hendeli) inalisha kalipa mbili (vibanio vyenye pistoni zinazosukuma pedi kwenye diski), kushoto na kulia. Ugonjwa wa upande mmoja tu unatosha kukupeleka mtaroni.

Kabla ya kufungua chochote

Weka kwodi mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe au magogo mbele na nyuma, kisha inua ya mbele na uiweke juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi. Kwodi kubwa za shamba zina uzito wa kilo 250 na zaidi, na nimeona moja ikishuka kutoka kwenye tofali lililopasuka. Bahati nzuri mguu wa mtu haukuwepo.

Toa 4x4, yaani injini isivute magurudumu yote manne. Watu wengi hawalijui hili: kwodi nyingi zikiwa kwenye 4x4, breki ya nyuma inayavuta na magurudumu ya mbele kupitia ekseli. Breki ya mbele inaweza kuwa imekufa kabisa na wewe usijue, kwa sababu ya nyuma inaibeba. Ipime injini ikiwa inavuta magurudumu mawili tu.

Sasa angalia, bila spana. Hendeli ikiwa imenyooka, maji ya breki yanaonekana wapi kwenye kidirisha cha masta? Yana rangi ya asali nyepesi au yamekuwa meusi kama chai ya rangi? Pedi zimebaki unene gani? Zikikaribia milimita 1 zimekwisha, usizihesabu kama pedi. Fuata mpira wa breki (bomba linalopeleka maji kutoka masta hadi kalipa) kwa kidole toka juu hadi chini, ukitafuta unyevu na mipasuko. Zungusha kila gurudumu kwa mkono. Kisha lishike juu na chini ulitikise: likicheza, kumbuka hilo, tutarudi kwake.

Maji yakiwa chini, usikimbilie kujaza. Pedi zikilika, pistoni hutoka nje na maji hushuka kuzifuata, ndivyo breki ilivyoundwa. Ukijaza leo, siku ya kuweka pedi mpya yatafurika na kumwagika kwenye rangi ya kwodi, na maji ya breki hubabua rangi. Yakimwagika, mwaga maji ya kawaida mengi mara moja.

"Mkono unazama hadi kwenye hendeli"

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu kuzama kuko kwa namna tatu na kila namna ina mzizi wake.

Bana mkono wa breki mara moja, polepole. Halafu pampu mara nne tano haraka, kisha shikilia.

Ukizama mara ya kwanza, ya pili ukashika vizuri, na ukikaa bila kuendesha unashika kila mara, tatizo haliko kwenye maji. Kuna kitu kinazirudisha pistoni ndani wakati unaendesha. Karibu kila mara ni beringi ya gurudumu iliyolegea, au boljointi, au diski iliyopinda. Gurudumu linayumba kwenye mashimo, diski inazisukuma pedi mbali, na mbano wako wa kwanza wote unaishia kuziba pengo hilo. Hili ndilo gurudumu ulilolitikisa. Njia ya Rau wakati wa mvua inalima beringi kuliko jembe. Badilisha beringi na sili yake, breki itarudi yenyewe bila tone la maji mapya.

Ukiwa laini kama kubana embe lililoiva, na ukipampu unapanda taratibu, hapo ndipo upepo ulipo. Umeingia baada ya mfumo kufunguliwa, baada ya maji kuisha kwenye kikopo cha masta, au baada ya kwodi kupinduka ikalala juu chini ikiwa na maji machache. Maji ya zamani nayo hufanana na hili, hasa ukiwa umetoka kuteremka mlima mrefu. Maji ya breki hunyonya unyevu wa hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya unyevu wa asilimia 3.7 kiwango hicho kinashuka hadi 155. Kutoka lango la Marangu, lililoko mita 1,800 na kitu, hadi Moshi mjini ambako hatufiki mita 1,000, ni mteremko mtupu. Ukiwa na maji ya miaka mitano na kidole hakitoki kwenye breki, yatachemka, mvuke utajaa, na mkono utazama. Yakipoa, mkono utarudi kama kwamba hakuna lililotokea. Mwenye kwodi ataapa kwamba imepona. Badilisha maji yote. Watengenezaji wengi wanasema kila baada ya miaka 2.

Ukishika vizuri lakini ukiendelea kubana kwa nguvu ile ile unazama polepole sana, kama mtu anayesinzia, kuna mahali panavuja. Kwanza tafuta nje: kwenye bolti za mpira, kwenye nipo (kibomba kidogo cha kutolea upepo kwenye kalipa), chini ya mkono wa breki penyewe, ndani ya rimu. Ukikuta pakavu kote, basi sili za ndani ya masta zimechoka, na maji yanapita kando ya pistoni kurudi kwenye kikopo. Kifaa cha kukarabati masta kinapatikana, ila kama kuta za ndani zina mikwaruzo au vishimo vya kutu, nunua masta nzima. Nimejaribu ubahili huo mara mbili na mara zote mbili nimerudia kazi.

Sababu ya mwisho, si ya kawaida: mpira wa zamani unaotanuka kama puto. Mwenzako abane, wewe uushike. Ukiuhisi unavimba mkononi, umekwisha.

Jinsi ya kutoa upepo, ukiwa na hakika kwamba upo

Tafuta mtu wa pili, spana ya duara inayobana vizuri nipo (nyingi ni namba 8), kipande cha mpira mwembamba unaoona ndani, na chupa yenye maji ya breki kidogo ambamo ncha ya mpira itazama. Geuza hendeli hadi kikopo kilale sawa, futa vumbi lote kabla ya kukifungua. Hili la vumbi silisemi kwa kupamba; chembe moja tu ya mchanga itakusumbua kwenye sehemu inayofuata.

Anza na kalipa iliyo mbali zaidi na masta. Kwa kwodi nyingi mkono wa mbele uko kulia, kwa hiyo unaanza kushoto. Polaris nyingi zina mkono mmoja upande wa kushoto unaoendesha breki zote, hizo zina mpangilio wake kwenye kitabu. Mwenzako abane na ashikilie. Fungua nipo robo mzunguko, maji na mapovu yatoke, funga, ndipo aachie. Akiachia kabla hujafunga, amevuta upepo mpya na mmeanza upya. Tazama kikopo kila baada ya mara tano, maana kikikauka kazi yote imerudi mwanzo.

Upepo ukigoma, funga mkono wa breki kwenye hendeli kwa kamba ya mpira, ulale. Vipovu vidogo hupanda vyenyewe usiku, na asubuhi mara nyingi mkono uko juu.

Na kama umetoa nusu lita na bado laini, angalia nipo iko wapi. Ililetwa kwodi kutoka upande wa Machame ambayo mafundi wawili walikuwa wameitoa upepo wiki nzima. Kalipa zilikuwa zimefunguliwa kusafishwa, zikarudishwa ya kulia kushoto na ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri kabisa, ila nipo zinakuwa chini. Upepo unakaa juu, nipo iko chini. Ungepampu mpaka Pasaka. Nipo lazima iwe sehemu ya juu ya kalipa.

Tumia kile kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo: DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo. Nimekuta maji ya sabuni kwenye masta, nimekuta oili ya giaboksi. Oili ya aina yoyote huvimbisha sili zote, na ikishaingia hakuna kusafisha: sili za masta, za kalipa mbili na mipira, vyote ni vya kutupa.

"Mkono ni mgumu lakini haishiki"

Hapa maji hayana kosa. Nguvu inafika kwenye kalipa na inapotea kati ya pedi na diski.

La kwanza kabisa ni pedi zilizolowa mafuta. Kuna mazoea hapa kwetu ya kuosha kwodi halafu kuipulizia dizeli au oili chafu chini ili isishike kutu. Fremu inang'aa, na diski nayo inang'aa. Chanzo kingine ni mpira unaofunika jointi ya ekseli ya mbele: ukipasuka, grisi inarushwa na mzunguko moja kwa moja kwenye diski. Kwa hiyo kabla ya kununua pedi, tazama mipira hiyo miwili, la sivyo mpya zitalowa ndani ya wiki. Pedi iliyokunywa mafuta haiponi. Najua mnazichoma kwa petroli. Juu zinakauka, joto la kwanza likipanda mafuta yaliyo ndani yanatoka tena. Tupa, kisha osha diski kwa kisafishio cha breki au spiriti na kitambaa safi.

La pili ni uso wa pedi kuwa kama kioo, kwa sababu ya kuburuza breki kidogo kidogo mteremko mzima. Msasa mzito juu ya kioo cha dirisha, sugua pedi ilalie sawa, mpaka mng'ao uondoke. Lowesha kwanza, vumbi la pedi si la kuvuta puani, na usilipulize kwa kompresa.

La tatu, pistoni zimekwama au pini za kutelezea za kalipa zimekauka, hivyo pedi moja inabana na ya pili inatazama. Utaona pedi moja imelika na mwenzake nene. Tiba yake iko kwenye sehemu inayofuata.

Pedi bandia zipo pia, nyeusi na laini kama makaa, lakini nazilaumu mwisho. Watu huzilaumu kwanza kwa sababu ni rahisi.

"Nikibana inanivuta upande mmoja"

Dalili hii bodaboda haiijui, ndiyo maana inawachanganya mafundi. Jiulize kwanza: inavuta unapobana tu, au hata usipobana?

Ikivuta kulia unapobana tu, mgonjwa yuko kushoto. Kulia kunafanya kazi, kushoto kumelala. Nimeshuhudia mtu akifungua kalipa nzima, nayo ilikuwa ndiyo peke yake inayofanya kazi. Ikivuta kulia hata bila kubana, basi ya kulia ndiyo imeng'ang'ania.

Kipimo changu hakina gharama. Endesha taratibu mahali tambarare ukibana mara kadhaa, simama, nyunyiza matone ya maji kwenye diski zote mbili. Inayochemsha matone inafanya kazi, au inafanya kazi kupita kiasi. Ambayo matone yanatambaa tu juu yake haifanyi. Usiiguse kwa mkono kujaribu.

Kabla ya kalipa, pima upepo wa matairi ya mbele. Kwodi hutumia upepo mdogo sana, na tofauti kidogo tu kati ya kushoto na kulia inatosha kuivuta. Nimepokea "breki mbovu" iliyopona kwa pampu ya mkono.

Kama ni kalipa iliyolala, ifungue ukiiacha inaning'inia kwa waya, si kwa mpira wake. Toa pedi. Zuia pistoni moja kwa kipande cha mbao, mwenzako abane mkono polepole mpaka ile nyingine itoke milimita tano hivi, isizidi. Osha kingo zake kwa kitambaa kilicholowa maji ya breki, irudishe ndani kwa vidole, rudia mara tatu nne mpaka itembee laini. Kisha pistoni ya pili. Fungua kifuniko cha kikopo unaporudisha, na unyonye yanayozidi kwa bomba la sindano. Pini za kutelezea zisugue, zipake grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mipira ya pini, na baada ya miezi miwili unarudi pale pale.

Pistoni ikiwa na vishimo vya kutu mahali sili inapokaa, usisugue kwa msasa. Itavuja. Na wale wanaoitoa pistoni kwa kompresa: inatoka kama risasi. Kama hujawahi kuifanya kazi hiyo ukisimamiwa na anayeijua, hapo ndipo pa kumwachia fundi.

"Imeng'ang'ania, haiachii"

Kwodi nzito kusukuma, rimu inanuka, mafuta yanaisha haraka.

Anza juu kwenye hendeli. Mkono wa breki unatakiwa uwe na mchezo mdogo kabla haujaanza kusukuma. Mkono wa kwanza ukivunjika, watu huweka wa pikipiki yoyote unaoingia. Ukiwa na kisigino kirefu kuliko wa asili, unaisukuma pistoni ya masta kidogo hata usipobana. Ndani ya masta kuna shimo la kurudishia maji, dogo kuliko kichwa cha pini; pistoni isiporudi kabisa, shimo hilo linabaki limezibwa. Maji yanapata moto, yanatanuka, hayana pa kwenda, na breki inajibana yenyewe njiani. Vumbi lililoingia kwenye kikopo ndilo linaloziba shimo hilo hilo, ndiyo maana nilisisitiza kufuta.

Ili ujue ugonjwa uko wapi, tumia spana moja. Breki ikiwa imeng'ang'ania, legeza bolti ya mpira kwenye masta, ukiwa umezungushia kitambaa. Gurudumu likiachia, tatizo ni masta au mkono. Likigoma, kaza, kisha fungua nipo ya kalipa. Likiachia sasa, mpira umeziba kwa ndani: ngozi yake ya ndani imechanika na imekuwa kama mlango unaofunguka upande mmoja. Ukiutazama kwa nje ni mzima kabisa. Likiendelea kugoma hata nipo ikiwa wazi, ni pistoni au pini, na tiba umeshaisoma. Baada ya kipimo hiki weka washa mpya kwenye bolti uliyoilegeza, na toa upepo.

Kikopo kilichojazwa hadi ukingoni nacho kinaweza kuleta shida hii. Nyonya, rudisha kwenye alama.

Diski ikiwa imegeuka rangi ya bluu, au kuna moshi: simama, usimwagie maji ya baridi, usiendelee hata kama nyumbani kunaonekana. Maji yaliyochemka kwenye kalipa hiyo yatakunyima breki ya upande wa pili pia, kwa kuwa masta ni moja.

Kelele na mtetemo

Mlio mwembamba unapobana kidogo, na breki inashika: mara nyingi ni vumbi au pedi zisizopakwa grisi ya breki mgongoni. Si dharura. Mlio wa kokoto unaokuja na kuondoka ni kokoto kweli, kati ya diski na kinga yake; itoe kwa bisibisi.

Mngurumo wa chuma kwa chuma ni habari nyingine. Pedi zimekwisha, bamba la chuma la mgongo wa pedi linakula diski. Usiendeshe tena hata kilomita moja. Pima unene wa diski sehemu nyembamba kabisa na ulinganishe na kipimo cha chini kilichopigwa muhuri juu yake. Ikipungua hapo hakuna kuchonga, ni diski mpya.

Mkono ukipigapiga kidole kama moyo, kaza kwanza bolti za diski, tikisa beringi, ndipo uishuku diski kupinda. Huwa inapigwa na jiwe au kisiki cha mbuni.

Kwodi zenye ngoma mbele

Honda za zamani za kazi, kama TRX300 na Recon, zina ngoma za maji mbele (viatu vya breki vinavyobana kwa ndani) badala ya diski, na nyingi bado zina nguvu za punda. Adui yao ni sili kubwa ya mpira inayozunguka ngoma. Ikichanika, ukivuka mto mara moja tu ndani kunabaki maji na tope, hasa lile tope jeusi la tambarare linaloganda kama saruji. Dalili: asubuhi breki imeng'ang'ania, mchana haishiki. Fungua, osha, badilisha sili, na utazame silinda ndogo za ndani kama zinavuja, maana maji ya breki yanayovujia ndani ya ngoma huyaoni kwa nje. Viatu vya breki vikilowa maji ya breki ni vya kutupa, kama pedi.

Vikwodi vidogo vya 110cc vya watoto, vile vya Kichina, vingi vina ngoma za waya mbele. Hakuna upepo wa kutoa hapo, ingawa nimeshaombwa. Rekebisha waya mbili zivute sawa, la sivyo mtoto atageukia upande wenye waya fupi.

Pale pa kuacha

Usiendelee mwenyewe kama maji yanapungua na huoni yanakotoka, kama nyuzi za nipo au za bolti ya mpira zimeliwa, kama kalipa ina ufa, au kama mfumo umewahi kutiwa oili. Nipo iliyokatika ndani ya kalipa mpelekee fundi anayechonga vyuma, usiichimbe kwa msumari. Kwodi yenye breki ya ABS, zipo chache, haitoki upepo wote kwa njia niliyoeleza hapa. Na kama kwodi inabeba wageni wa kulipia, mwite mtu wa pili aikague kazi yako kabla mgeni hajapanda. Mimi nina miaka mingi kwenye kazi hii na bado naita.

Ukimaliza, bana mkono mara nyingi kwodi ikiwa bado juu ya stendi, mpaka uwe mgumu. Hili husahaulika: pistoni zimerudishwa ndani, mtu anashusha kwodi, anaondoka, na mbano wa kwanza ni mtupu. Jaribu uwanjani, mwendo wa mtu anayetembea, kisha kilomita 10 kwa saa, huku mguu ukiwa tayari kwa breki ya nyuma. Pedi mpya zizoeshe: punguza mwendo kutoka kilomita 30 hadi karibu kusimama, mara kumi hivi, ukiziacha zipoe katikati. Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, chungulia chini ya kila kalipa kwa tochi na uangalie kidirisha cha masta. Tone moja sakafuni, urudi kwenye bolti.